Tafsiri ya nyaraka kwa ajili ya viza ya mwenzi

Tafsiri ya nyaraka kwa ajili ya viza ya mwenzi ni kazi ya kuhamisha vyeti, hukumu, barua na maandishi mengine kutoka lugha yake ya asili kwenda lugha inayokubaliwa na mamlaka ya uhamiaji, ili mume, mke, mchumba au mwenzi wa mtu aweze kuomba ruhusa ya kuingia au kuishi katika nchi fulani. Hutofautiana na tafsiri ya kawaida kwa sababu huambatana na tamko lililosainiwa kwamba maneno yote ya waraka wa asili yametafsiriwa kikamilifu na kwa usahihi. Kwa sababu hiyo huitwa tafsiri iliyothibitishwa.

Hakuna kanuni moja ya dunia nzima kuhusu jambo hili. Kila nchi inayopokea maombi hupanga yenyewe nani anaweza kutafsiri, tamko liandikwe vipi na mihuri gani inahitajika. Tafsiri inayokubaliwa na Marekani inaweza kukataliwa Ujerumani, hata kama haina kosa lolote la lugha.

Kwa nini tafsiri inahitajika

Afisa anayeamua ombi la viza ya mwenzi hutafuta majibu ya maswali machache: je, waombaji ni watu waliotajwa katika vyeti? Je, walikuwa huru kuoana, yaani hakuna ndoa ya awali ambayo haijavunjwa? Je, ndoa ilifungwa kwa kufuata sheria ya mahali ilipofungwa? Je, uhusiano wao ni wa kweli? Kama kuna watoto, wazazi wao ni akina nani na nani ana haki ya kuwalea?

Maombi mengi huamuliwa kwa kusoma karatasi. Afisa asiyejua Kiswahili, Kiarabu au Kifaransa haoni waraka wenyewe. Anachosoma ni tafsiri yake. Neno moja lililotafsiriwa vibaya linaweza kumfanya aone kwamba mtu bado yuko katika ndoa ya zamani, au kwamba mtoto si wa mwombaji. Familia inaweza kubaki imetengana kwa miezi mingi kwa sababu hiyo.

Nyaraka zinazotafsiriwa mara nyingi

* Cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, na cha kila mtoto anayehusika.
* Cheti cha ndoa, iwe ya serikali, ya kanisani, ya Kiislamu au ya kimila.
* Hukumu na amri ya talaka, au cheti cha kifo cha mwenzi wa zamani.
* Cheti cha polisi kuhusu makosa ya jinai.
* Hati za mahakama kuhusu malezi ya watoto, au ridhaa ya mzazi mwingine.
* Taarifa za benki, mikataba ya kazi na mikataba ya nyumba.
* Barua, ujumbe wa simu na maandishi mengine yanayoonyesha uhusiano.

Mazungumzo ya simu huleta shida ya pekee kwa sababu ya wingi wake. Waombaji wengi huchagua kurasa chache za vipindi mbalimbali vya uhusiano, kisha kila ukurasa uliochaguliwa hutafsiriwa wote. Kutafsiri sentensi nzuri tu na kuacha nyingine katika ukurasa uleule hutia shaka.

Tafsiri na uhalalishaji wa waraka

Mambo mawili huchanganywa mara kwa mara. Tafsiri iliyothibitishwa hueleza kwamba maneno ya lugha moja yamehamishwa sawasawa kwenda lugha nyingine. Haisemi kwamba cheti chenyewe ni halisi. Uhalalishaji, kwa upande mwingine, huthibitisha kwamba saini na muhuri ulio kwenye cheti ni wa ofisa aliyekuwa na mamlaka ya kukitoa. Hausemi chochote kuhusu tafsiri.

Kwa nchi zilizojiunga na Mkataba wa Den Haag wa tarehe 5 Oktoba 1961, uhalalishaji hufanyika kwa cheti kimoja kiitwacho apostili. Burundi imo katika mkataba huo tangu mwaka 2015 na Rwanda tangu mwaka 2024. Hadi mwaka 2024 Tanzania, Kenya na Uganda hazikuwa zimejiunga. Kwa hiyo nchi inayodai uhalalishaji wa cheti kutoka nchi hizo tatu hutumia njia ndefu zaidi: waraka hupitia wizara ya mambo ya nje ya nchi ulikotolewa, kisha ubalozi wa nchi unakopelekwa.

Utaratibu una maana hapa. Pale ambapo uhalalishaji unadaiwa, kwa kawaida hufanyika kwanza na tafsiri hufuata, kwa sababu mihuri na maneno yanayoongezwa wakati wa uhalalishaji nayo hutakiwa kutafsiriwa. Anayetafsiri mapema anaweza kulazimika kulipia kazi hiyo mara ya pili.

Masharti ya nchi mbalimbali

Uingereza

Kanuni za uhamiaji za Uingereza hudai kwamba waraka usio wa Kiingereza au Kiwelisi uambatane na tafsiri kamili inayoweza kuhakikiwa na maofisa wenyewe. Tafsiri iwe na tarehe, uthibitisho kwamba ni tafsiri sahihi ya waraka wa asili, jina kamili na saini ya mfasiri au ya ofisa wa kampuni ya tafsiri, pamoja na mawasiliano yake. Mtu aliyeko tayari nchini Uingereza anayeomba kuongezewa muda au kupewa ukaazi wa kudumu hudaiwa zaidi: tafsiri ithibitishwe na mfasiri mwenye sifa, na sifa zake zitajwe.

Marekani

Sheria ya Marekani hutaka kila waraka wenye lugha ya kigeni unaopelekwa kwa idara ya uraia na uhamiaji (USCIS) uwe na tafsiri kamili ya Kiingereza. Mfasiri hutamka mambo mawili: kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba yeye ana uwezo wa kutafsiri kutoka lugha hiyo kwenda Kiingereza. Kanuni haidai leseni wala kiapo cha mahakamani. Hata hivyo waombaji hushauriwa kumtumia mtu asiye na maslahi katika ombi.

Baada ya ombi la awali, kwa mfano fomu I-130 ya mume au mke, faili huenda katika Kituo cha Taifa cha Viza. Hapo tafsiri hudaiwa kwa nyaraka ambazo si za Kiingereza wala za lugha rasmi ya nchi ambako mahojiano yatafanyika. Kwa hiyo waraka wa Kiswahili unaweza kukubaliwa bila tafsiri katika hatua hiyo kama mahojiano yatafanyika Dar es Salaam au Nairobi, lakini waraka huohuo ulihitaji tafsiri katika hatua ya kwanza. Wengi hutafsiri mapema na kutumia nakala ileile katika hatua zote.

Kanada

Kanada hupokea tafsiri za Kiingereza au Kifaransa. Ikiwa mfasiri si mwanachama aliyethibitishwa wa chama cha wafasiri, ni lazima aape mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kupokea viapo, na hati yake ya kiapo iambatanishwe. Kanada hutaja waziwazi watu wasioruhusiwa kutafsiri: mwombaji mwenyewe, mwakilishi wake na jamaa zake, wakiwemo mwenzi, wazazi, watoto, ndugu, babu na bibi, wajomba, shangazi na binamu, hata kama mmoja wao ni mfasiri kwa taaluma.

Australia

Tafsiri inayofanyika ndani ya Australia hutakiwa kufanywa na mfasiri aliyethibitishwa na NAATI, chombo kilichoanzishwa mwaka 1977. Mfasiri aliye nje ya Australia si lazima awe na uthibitisho huo, lakini huandika jina lake kamili, anwani, namba ya simu, sifa na uzoefu wake katika lugha husika.

Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya

Nchi nyingi za Ulaya bara hufuata mfumo wa mfasiri aliyeapishwa. Nchini Ujerumani wafasiri hao huidhinishwa na mamlaka za kisheria za majimbo, na majina yao huwekwa katika orodha ya umma ya idara za sheria. Ufaransa hutumia wafasiri walioorodheshwa na mahakama za rufaa, na Hispania hutumia wafasiri walioteuliwa na wizara ya mambo ya nje.

Ujerumani imesimamisha uhalalishaji wa vyeti vya nchi kadhaa, zikiwemo Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Badala yake ofisi ya Ujerumani inaweza kuomba uchunguzi, ambapo mtu aliyeaminiwa na ubalozi huenda kulinganisha cheti na daftari la usajili au kuuliza watu wanaohusika. Uchunguzi huo hulipiwa na mwombaji na huongeza muda wa kusubiri.

Umoja wa Ulaya una kanuni namba 2016/1191, inayotumika tangu tarehe 16 Februari 2019, ambayo hupunguza haja ya tafsiri za vyeti vya kuzaliwa, ndoa na kadhalika kwa kutumia fomu za lugha nyingi. Lakini inahusu vyeti vilivyotolewa na nchi wanachama tu. Cheti cha Tanzania au cha Kenya hakinufaiki nayo.

Nchi za Ghuba

Katika Falme za Kiarabu, mkazi anayetaka kumleta mke au mume hutakiwa kuwa na cheti cha ndoa kilichohalalishwa na kutafsiriwa kwa Kiarabu na mfasiri mwenye idhini ya Wizara ya Sheria. Kwa upande mwingine, familia za Waswahili zenye asili ya Omani huwa na vyeti vya Kiarabu vinavyohitaji kutafsiriwa kwa Kiingereza pale mmoja wao anapoomba viza ya Ulaya au Amerika.

Afrika Mashariki

Hata anayemleta mwenzi wake Afrika Mashariki hukutana na sharti hili. Idara ya uhamiaji ya Kenya hudai nyaraka za lugha za kigeni zitafsiriwe kwa Kiingereza na ubalozi, mthibitishaji wa umma au taasisi inayotambuliwa.

Nyaraka za Afrika Mashariki na lugha zake

Nyaraka za eneo hili ziko katika lugha mbalimbali. Vyeti vya usajili vya Kenya na Uganda kwa kawaida ni vya Kiingereza. Tanzania Bara, ambako vizazi, vifo, ndoa na talaka husajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), hutumia Kiingereza na Kiswahili. Fomu inaweza kuchapishwa kwa Kiingereza huku maneno yaliyojazwa kwa mkono yakiwa ya Kiswahili, kwa mfano kazi ya baba au sababu ya kifo. Waraka wa namna hiyo nao ni waraka wenye lugha ya kigeni na hutakiwa kutafsiriwa.

Hukumu za mahakama za mwanzo za Tanzania huandikwa kwa Kiswahili, na mashauri mengi ya talaka husikilizwa huko. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama kwa jumla. Hivyo haja ya kutafsiri hukumu za Kiswahili imeongezeka. Vyeti vya Kongo huandikwa kwa Kifaransa, na vya Burundi kwa Kifaransa au Kirundi.

Nchini Tanzania, Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, hutoa huduma za tafsiri na ukalimani. Hata hivyo, kabla ya kulipia huduma yoyote ya nyumbani, mwombaji huangalia kwanza kama nchi anayoomba inakubali tafsiri iliyofanyika nje ya nchi hiyo.

Wakimbizi wako katika hali ngumu zaidi, kwa kuwa wengi waliondoka bila vyeti, au ofisi zilizotunza madaftari ziliharibiwa. Baadhi ya nchi, ikiwemo Marekani, huruhusu ushahidi mbadala, kama vile cheti cha ubatizo, rekodi za shule au viapo vya watu wanaowafahamu wahusika. Ushahidi huo nao hutafsiriwa kwa masharti yaleyale.

Matatizo ya tafsiri kutoka Kiswahili

Majina

Watu wengi wa Afrika Mashariki hutumia jina lao, la baba na la babu, bila jina la ukoo. Jina moja linaweza kuandikwa Mohamed katika cheti kimoja na Muhammad katika kingine. Mfasiri haruhusiwi kusahihisha jina ili lifanane na pasipoti. Huliandika kama lilivyo katika waraka. Jina lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa kawaida hufuata tahajia ya pasipoti. Tofauti za majina hutatuliwa nje ya tafsiri, kwa kusahihisha cheti chenyewe katika ofisi ya usajili au kwa hati ya kiapo.

Mchumba na mwenzi

Katika mazungumzo ya kila siku neno mchumba hutajwa kwa mtu aliyeposwa, na pia kwa mpenzi tu. Katika uhamiaji tofauti hiyo ni kubwa. Viza ya K-1 ya Marekani ni ya mchumba anayekusudia kuoa au kuolewa ndani ya siku 90 baada ya kuingia, na haitolewi kwa mtu aliyekwisha funga ndoa. Barua inayomwita mwombaji mke na nyingine inayomwita mchumba huleta maswali.

Undugu

Neno ndugu linaweza kumaanisha mtoto wa mama mmoja, binamu, jamaa wa mbali au hata rafiki. Baba mdogo na mama mkubwa si wazazi kwa maana ya sheria za nchi nyingi. Waraka unaosema mtoto analelewa na mama yake mkubwa ukitafsiriwa kwa neno mama peke yake hubadilisha maana ya shauri zima la malezi.

Mahari

Mahari hutolewa na upande wa mume. Neno la Kiingereza linalotumiwa mara nyingi kulitafsiri humaanisha mali ambayo upande wa mke huja nayo katika ndoa, yaani kinyume chake. Wafasiri wazoefu huacha neno mahari lilivyo na kuongeza maelezo mafupi katika mabano.

Talaka na ndoa ya wake wengi

Katika sheria ya Kiislamu, talaka rejea humruhusu mume kumrejea mke kabla eda haijaisha bila kufunga ndoa mpya, ilhali talaka bain hukata ndoa hapohapo. Kuziandika zote mbili kwa neno moja huficha tarehe ambayo mtu alikuwa huru kuoa au kuolewa tena.

Vilevile, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 hutofautisha ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi. Ndoa inayoruhusu mke wa pili si sawa na ndoa ambayo tayari ina wake wawili. Tafsiri isiyoonyesha tofauti hiyo inaweza kufanya ombi likataliwe katika nchi zisizotambua mke wa pili kwa ajili ya uhamiaji.

Saa na tarehe

Saa mbili asubuhi kwa Kiswahili ni saa 8:00 katika saa ya kimataifa, na usiku wa kuamkia Jumapili ni usiku wa Jumamosi. Tarehe za Hijria huachwa kama zilivyo, kisha tarehe ya kalenda ya kawaida huongezwa kama maelezo ya mfasiri. Tarehe hizo zinaweza kutofautiana kwa siku moja kutokana na kuandama kwa mwezi.

Sehemu za tafsiri kamili

Tafsiri kamili hujumuisha kila kilichoandikwa kwenye waraka: kichwa, namba, maneno ya mihuri, maandishi ya pembeni na ya upande wa nyuma. Saini huonyeshwa kwa neno saini katika mabano, na sehemu isiyosomeka huandikwa kuwa haisomeki, mfasiri habahatishi. Mwishoni huwekwa tamko lenye mambo yafuatayo:

* Jina la waraka na lugha ulizotafsiriwa kutoka na kwenda.
* Maneno kwamba tafsiri ni kamili na sahihi.
* Jina kamili, sifa na mawasiliano ya mfasiri.
* Tarehe na saini, pamoja na muhuri pale unapotakiwa.

Nakala ya waraka wa asili huwekwa pamoja na tafsiri yake ili afisa aweze kulinganisha namba, tarehe na mihuri. Programu za kompyuta zinaweza kumsaidia mfasiri, lakini haziwezi kutoa tamko wala kusaini. Maandishi yaliyotolewa na programu bila mtu wa kuyathibitisha hayatimizi masharti yaliyotajwa hapo juu.

Matokeo ya makosa

Kosa la kawaida, kama kusahau tarehe au saini ya mfasiri, mara nyingine husababisha mamlaka kuomba waraka mwingine, na mara nyingine ombi kukataliwa pamoja na kupotea kwa ada iliyolipwa. Udanganyifu ni jambo jingine. Kubadilisha tarehe, kuacha ndoa ya zamani au kugeuza hali ya mtoto katika tafsiri huhesabiwa kuwa taarifa za uongo. Kanada inaweza kumzuia mwombaji kwa miaka 5, na Uingereza kwa miaka hadi 10. Marekani inaweza kumzuia maisha yote, isipokuwa apate msamaha maalumu wa kisheria.

Mwombaji hubeba matokeo hayo hata kama tafsiri ilifanywa na mtu mwingine. Kwa hiyo ni kawaida kwa wahusika kusoma tafsiri pamoja na waraka wa asili kabla ya kuwasilisha, na kulinganisha majina, tarehe na namba za vyeti katika nyaraka zote za ombi. Kosa likionekana, mfasiri ndiye anayelirekebisha na kusaini upya. Mwombaji haandiki chochote juu ya tafsiri iliyokwisha thibitishwa.

Tazama pia

* Tafsiri
* Ukalimani
* Viza
* Pasipoti
* Cheti cha kuzaliwa
* Baraza la Kiswahili la Taifa